Kitanda kwanza, kibarua baadae: namna ya kujishikiza ugenini ukiwa kijana

Naanza na kitu ambacho wengi wanakifanya kinyume. Mtu anakaa kwao miezi sita anatafuta kazi ya nje kwenye simu, anatuma sivii huku na kule, hakuna anaejibu, na siku akijibiwa basi aliejibu ni tapeli. Vibarua vya muda, vile vya kuosha vyombo, kutandika vitanda hotelini, kuchuma matunda, kubeba viti na meza za sherehe, hakuna bosi anaempa mtu aliye bara lingine. Bosi wa namna hiyo shida yake iko leo, mfanyakazi wake kaacha jana usiku na anataka mtu wa kuingia kesho asubuhi. Kwa hiyo mpangilio wangu mimi, ambao nimeujua baada ya kuumia, ni karatasi kwanza, alafu kitanda cha siku chache, alafu kazi, alafu ndo chumba cha maana. Zipo kazi zinazovunja huu mpangilio kwa sababu zinakuja na kitanda chake, nitazifikia, ila tuanze na karatasi maana hapo ndo watu wanageuziwa uwanja wa ndege.

Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Najua kuna mtu atasema mbona fulani alifanya na hakukamatwa, sawa, ila mi kinachonitisha sio kukamatwa peke yake. Nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) mtalii anapewa siku 90 ndani ya kila siku 180 na hizo ni za kutembea, ukianza kuosha vyombo kimyakimya bosi anajua kabisa huna pa kwenda kulalamika, so mwisho wa mwezi anakwambia rudi wiki ijayo, na wiki ijayo anakwambia rudi nyingine, we utamshtaki wapi? Ndo maana kazi ya kujificha karibu kila mara ina mshahara mdogo kuliko ulioahidiwa.

Alafu kuna mtego ambao unanasa hata watu makini, nao ni kujitolea. Mtu anawaza kwamba kama silipwi hela, napewa chakula na pa kulala tu, basi hiyo sio kazi. Kwa New Zealand ni kazi, uhamiaji wao wanahesabu chakula na malazi kama malipo, kwa hiyo hata kwenda kusaidia shamba kupitia WWOOF (mtandao wa kuunganisha wanaojitolea na mashamba) unatakiwa uwe na viza inayoruhusu kazi. Uingereza mgeni wa matembezi anaruhusiwa kujitolea kwenye shirika la hisani lililosajiliwa tu, tena jumla isizidi siku 30, na kuwe sio sababu kuu ya safari. Sasa piga picha kijana anashuka, anaulizwa unafikia kwa nani, anatoa simu kwa furaha anaonyesha mesej za mwenyeji wake "utatusaidia bustani masaa matano kwa siku", kwisha habari, na simu ndo ushahidi. Soma sheria ya nchi husika kwenye tovuti ya uhamiaji yao wenyewe, sio kwenye video ya mtu.

Njia za halali zipo na kwa kijana zipo kuliko kwa mzee. Maarufu ni viza ya Working Holiday, ambayo nchi mbili zinakubaliana vijana wao watembee na kufanya kazi za kuungaunga nauli. Kawaida ni miaka 18 mpaka 30, kwa baadhi ya pasipoti inafika 35. Australia wana aina mbili, namba 417 na 462, na wanataka uonyeshe kama dola 5,000 za kwao za kuanzia pamoja na uwezo wa nauli ya kuondoka. Canada kwenye mpango wao wa International Experience Canada wanataka dola 2,500 za kwao. Australia kwa kawaida hukai kwa bosi mmoja zaidi ya miezi 6, na kwa pasipoti nyingi ukitaka mwaka wa pili lazima ufanye siku 88 za kazi walizozitaja, nyingi ni za mashambani nje ya miji (kujitolea bila mshahara hakuhesabiwi tena tangu Desemba 2015, kuna watu bado wanadanganywa na hilo).

Ila kabla hujaanza kuota, kila nchi ina orodha ya pasipoti inazozikubali, na pasipoti nyingi za Afrika hazimo. Niseme tu wazi. Kama yako haimo hakuna wakala atakaekuingiza humo, akisema ana njia ya ndani huyo ni mwizi, funga simu.

Kama huko hamna mlango, angalia aupair (kuishi na familia na kuwasaidia watoto, nitaieleza) na huduma ya kujitolea ya Ujerumani, hizi hazina orodha fupi hivyo. Hiyo huduma ya kujitolea inaitwa Bundesfreiwilligendienst, ilianza 2011, unafanya kazi hospitali, nyumba za wazee, shule za watoto wenye ulemavu, kwa kawaida mwaka mmoja, unapewa posho ya mfukoni, bima, na sehemu nyingi wanakupa chumba na chakula au hela badala yake. Sio mshahara wa kujengea nyumba, usijidanganye, ila ni karatasi halali na lugha utaijua.

Aupair naipenda kuielezea kirefu kwa sababu watu wanaichanganya na uyaya. Unaishi na familia, unasaidia watoto na kazi nyepesi za ndani, na wao wanakupa chumba chako, chakula na posho. Ujerumani umri ni 18 hadi 26, masaa hayazidi 30 kwa wiki pamoja na kubaki na watoto usiku wazazi wakitoka, posho ni euro 280 kwa mwezi, na kama unatoka nje ya Umoja wa Ulaya watakutaka ujue Kijerumani cha mwanzo kabisa, kile cha A1. Marekani nao umri ni huohuo 18 hadi 26 lakini masaa yanaweza kufika 45 kwa wiki, yasizidi 10 kwa siku, posho ya chini ni dola 195.75 kwa wiki. Unaona tofauti? Masaa 45 na watoto watatu ni kazi kwelikweli. Kwa hiyo kabla ya kukubali familia piga nao simu ya video angalau mara mbili, mara moja watoto wakiwepo na kelele zao, waombe wakuandikie siku ya kawaida inaendaje kuanzia asubuhi mpaka watoto walale, alafu omba namba ya aupair aliekuwepo kabla yako. Hii ya mwisho ndo dawa. Familia nzuri itakupa bila kusita, familia mbaya itaanza hadithi kwamba yule binti alikuwa na matatizo. Na kama wao ndo wa kwanza kabisa kuchukua aupair sio mbaya, ila uulize mara tatu zaidi kuhusu siku za mapumziko.

Viza ya mwanafunzi nayo inaruhusu kibarua, Australia masaa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, Ujerumani siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280. Lakini usiichukue kama njia ya kazi, ada itakula kila unachopata na zaidi.

Haya, karatasi unayo. Sasa kitanda.

Usilipie chumba cha mwezi ukiwa bado kwenu. Lipia usiku nne au tano kwenye hosteli, basi. Chumba cha watu wanane, vitanda vya dabodeka, nenda na kufuli yako na vizibo vya masikio, chukua cha chini kama unaamka alfajiri. Hosteli kama wazo ilitokana na mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alienaswa na mvua kubwa mwaka 1909 akiwa na wanafunzi wake safarini, wakalala kwenye darasa la shule, na mwaka 1912 akafungua ya kudumu kwenye ngome ya Altena. Nasema hivyo kwa sababu mpaka leo hosteli nzuri bado ina ile hali ya watu kunyeshewa pamoja, wanaambiana mambo.

Na jiko la hosteli ndo ofisi ya ajira. Sio mapokezi, jiko. Jioni kati ya saa moja na saa tatu kila mtu anapika, hapo unasikia nani kalipwa, nani kadhulumiwa, shamba gani limeishiwa watu. Mimi kazi zangu nyingi nimezipata kwa swali moja tu kwa mtu anaefunga begi: "ulikuwa unafanya kazi wapi, na wamepata mtu wa kushika nafasi yako?" Anaeondoka kesho anaacha pengo kesho, na mara nyingi bosi wake kamuomba amtafutie mwenzake. Angalia pia mbao za matangazo lakini tangazo likikaa wiki mbili limekufa.

Kuna hosteli za kazi, hasa Australia kwenye miji ya mashamba, mwenye hosteli ndo anakuunganisha na mkulima na asubuhi gari linawachukua. Zinasaidia, ila nyingine zinajaza watu wakati kazi hamna, unalipia kitanda kila wiki unasubiri mazao yaive. Kabla hujalipa uliza "wiki hii wangapi humu ndani wanafanya kazi, na siku ngapi?" alafu usiridhike na jibu la mapokezi, kamuulize yule aliekaa nje anavuta sigara saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Kama wako kumi nje saa nne ya Jumanne, jibu umepata.

Hosteli nyingi pia zinampa mtu kitanda bure kwa masaa machache ya usafi kila siku, ni njia nzuri ya kutomaliza akiba, kumbuka tu ile habari ya viza, hii pia ni kazi. Mitandao kama Workaway, iliyoanza 2002, inafanana na hivyo, wastani wanaotegemea ni kama masaa matano kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa chakula na malazi. Mwenyeji akianza kutaka masaa nane huyo anahitaji mfanyakazi wa mshahara, mwambie hivyo kwa adabu na uanze kutafuta pengine. Kulala kwa watu bure kama Couchsurfing ni kwa siku mbili tatu za kujuana, sio mpango wa makazi, na dada yangu soma maoni ya wageni wa kike walioandika kabla yako, ukikuta mwenyeji ana maoni ya wasichana tu we pita.

Kutafuta kazi kwa miguu kuna saa zake. Mgahawa usiingie saa saba mchana watu wamejaa, utafukuzwa na hata ungekuwa mpishi wa rais. Nenda kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, wakati wa mchana umeisha na wa usiku haujaanza, uliza meneja kwa jina kama unaweza kulipata, mpe sivii ya ukurasa mmoja wenye namba ya simu ya nchi hiyohiyo. Laini ya pale ni muhimu kuliko unavyofikiri, hakuna meneja atakaepiga namba ya nchi nyingine. Sema unapatikana kuanzia lini mpaka lini, siku zipi, na kwamba viza yako inaruhusu kazi, hayo matatu ndo anayotaka kusikia. Sivii iseme uliwahi kufanya nini kwa mikono yako, shahada iweke mstari mmoja chini. Nilipoanza nilikuwa natoa kurasa tatu zimejaa semina na vyeti, nikitoka nje nageuka naona zinaenda kwenye droo.

Wakikwambia njoo ujaribu, saa moja au mbili za kuonyesha unajua ni sawa. Shifti nzima bila kulipwa hapana, Australia kwa mfano jaribio linaruhusiwa kwa muda ule tu wa kupima kama unaweza, zaidi ya hapo lazima ulipwe. Pia kuna vikaratasi vya kazi, kuhudumia pombe Australia kunahitaji cheti kinachoitwa RSA, na namba ya kodi kila mahali. New Zealand inaitwa namba ya IRD na ukianza kazi bila kumpa bosi unakatwa 45% ya mshahara mpaka uilete, nimeona mtu analia mbele ya karatasi ya malipo kwa ajili ya hilo. Canada inaitwa SIN, ya wageni wa muda inaanza na 9. Omba wiki ya kwanza kabisa, kabla ya kazi.

Mashamba yana kalenda. Zabibu kaskazini mwa dunia ni kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Oktoba, kusini ni Februari mpaka Aprili. Milima ya theluji Ulaya inataka watu Desemba mpaka Aprili, na hoteli za huko huwa zinaajiri mapema tangu miezi ya Septemba na Oktoba na zinakupa kitanda, hiyo ni moja ya zile kazi za kuomba ukiwa bado mbali. Fika kwenye mji wa shamba wiki moja au mbili kabla ya mavuno, ukifika yameshaanza utakuta timu zimejaa. Na uliza unalipwa kwa saa au kwa ndoo. Kwa ndoo wiki ya kwanza utapata aibu, mgongo unauma na mwenzako wa mstari wa pili kajaza mara tatu yako, mwenye mbinu yule anashika tawi kwa mkono mmoja. Australia tangu Aprili 2022 hata anaelipwa kwa ndoo ana kima cha chini cha saa, kwa hiyo andika masaa yako mwenyewe kila siku kwenye daftari, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ndoo ngapi. Daftari hilo limewahi kunirudishia malipo ya wiki mbili bila kugombana na mtu, nililiweka mezani tu.

Sasa chumba. Hapa ndo nilipigwa. Nilitangulia kutuma hela ya dipoziti kwa chumba nilichokiona kwenye picha, mwenye nyumba akasema yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta, picha nzuri, bei iko chini kidogo ya wengine, nikafika na begi langu kwenye anuani nikakuta ni ofisi ya daktari wa meno. Baadae nikazitafuta zile picha kwenye intaneti, ni za hoteli ya mji mwingine kabisa. Kwa hiyo hela haitoki mpaka umesimama ndani ya hicho chumba, mchana, na funguo umeijaribu mwenyewe mlangoni. Fungua bomba uone maji, uliza watu wangapi wanalala humu usiku, uliza nani jina lake liko kwenye mkataba mkuu, maana ukipangishwa na mpangaji ambae hana ruhusa, siku mwenye nyumba akija nyote mnatoka.

Dipoziti ina mipaka yake kisheria sehemu nyingi. Ujerumani haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za ziada na unaweza kuilipa kwa awamu tatu, England kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki tano, Australia inapelekwa kwenye mamlaka ya jimbo sio mfukoni kwa mwenye nyumba, ukipewa risiti ya mkono tu uliza kwanini. Ujerumani tena hakikisha mwenye nyumba atakuandikia karatasi ya kujiandikisha anuani, unatakiwa ujiandikishe ndani ya wiki mbili na bila hiyo karatasi, namba yako ya kodi ya mapato inachelewa, benki inasumbua, kila kitu kinasimama. Chumba rahisi kisicho na hiyo karatasi sio rahisi. Piga picha kila kona siku ya kuingia, hasa doa la kapeti na ufa wa kioo.

Kuhusu mawakala, mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, kwa kawaida anaelipa ni mwajiri. Sio nchi zote zimeusaini, na nyingine zina vipengele vyake, ila ni kipimo kizuri, anaekuomba hela ya "kushikilia nafasi" kabla hujaona mkataba unamjua ni nani. Pasipoti haibaki kwa mtu, bosi anaweza kutoa kopi mbele yako na akurudishie palepale.

Hela ya nauli ya kurudi iweke kwenye akaunti ambayo huna kadi yake mfukoni. Wengi wanaokubali kazi mbaya wanazikubali kwa sababu hiyo hela walishaila.

Na siku ya kuondoka usikimbie tu. Omba karatasi za mishahara yote, angalia kama kuna kodi ya kurudishiwa, kwa mwenye Working Holiday Australia kuna na mafao ya uzeeni ambayo bosi alikuwa anakuwekea, ukiondoka unaweza kuyaomba, serikali inakata 65% lakini iliyobaki ni yako na watu kibao wanaiacha. Dai dipoziti ukiwa bado mjini, na zile picha za siku ya kwanza mkononi. Akaunti ya benki iache wazi miezi kadhaa, hela za kodi zinarudi kwa kuchelewa na zikikuta akaunti imefungwa utaandika barua mpaka uchoke.